Wakazi wa Lyamba Mashariki

Jumatatu, 2 Septemba

Hatimaye mji huu umenikumbuka!

Asubuhi tulikuwa na mkutano wa mtaa hapa Majengo. Amekuja dada mmoja, anaitwa Queen, afisa wa mradi. Miwani, suruali ya kitambaa, kishikwambi kwapani. Kasema Mpanda inataka kuwa mji janja. Taa zitajiwasha zenyewe. Boza la maji halitakwenda tena kwa kujuana, litakwenda kwa mfumo. Mfumo unahesabu watu, kisha unampa dereva njia kwenye simu. Penye watu wengi ndipo boza linapoanzia.

Matilda, mke wangu, akauliza kutoka nyuma: mji ukiwa mjanja, wajinga watakuwa akina nani? Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu anauza ugali na samaki wa migebuka, maendeleo atayajulia wapi?

Wakatafuta waratibu wa kuandikisha wakazi, kila mmoja apewe kishikwambi chake. Upande wetu nimeteuliwa mimi, Sylvanus Lyamba. Upande wa pili wa barabara kateuliwa Kasimu wa steshenari. Huyo Kasimu nitamwelezea siku nikiwa na nafasi na hasira ya kutosha. Atakayeleta wakazi wengi kufikia Alhamisi atakuwa Mratibu Mkuu. Mratibu Mkuu anapewa kizibao cha kung'aa. Nimekiona kwa macho. Rangi ya chungwa, mistari ya fedha, maandishi mgongoni.

Kasimu naye alikuwa anakitazama. Tukatazamana. Vita imeanza.

Jumanne, 3 Septemba

Kufikia saa tano nimemaliza kuandikisha upande wangu wote. Wachache mno! Nusu ya watu wako Inyonga kwenye tumbaku, wengine wamefuata asali porini. Nikapita kwa Kasimu kuchungulia. Foleni! Kila anayekuja kutoa kopi anaandikishwa kwanza, kisha anapewa pipi. Hana haya yule.

Nikapanda baiskeli nikaenda kufikiri. Nikajikuta nyuma ya tanuri za matofali, mji unapoishia. Pale kuna uwanda mpana. Miombo michache, vichuguu, majani yaliyoungua. Hakuna aliyewahi kujenga, sijui kwa nini. Hata wenzetu Wasukuma na ng'ombe wao wanapita pembeni, hawakatizi katikati. Leo tu ndiyo nimeliwaza hilo.

Mfumo unataka usimame mahali penyewe, ubonyeze, uandike. Basi nikasimama. Nikabonyeza. Nyumba ya kwanza! Nikasogea mbele kidogo. Ya pili! Mtaa nimeuita Lyamba Mashariki. Lyamba Magharibi haipo, lakini jina linakuwa na uzito.

Kuzaa mtaa mzima ni kazi, asikwambie mtu. Majina ya mwanzo yalikuja mepesi. Baadaye kichwa kikakauka, nikawa nabonyeza chochote. Mkulima, mshonaji, muuza mkaa. Ameoa, hajaolewa, mjane. Mmoja nimemwita Siméon Malale, seremala, mgane. Nimehangaika kumwekea alama juu ya e, kama wanavyoandika wenzetu wenye asili ya Burundi, ili aonekane mtu wa kweli. Nina kipaji. Sehemu ya simu nimewawekea wote namba yangu.

Jambo moja tu. Pale pana kimya. Sikusikia ndege. Kila nilipobonyeza "hifadhi", upepo ulikatika kidogo, kama mtu aliyeshika pumzi. Nilipomaliza jua lilikuwa bado kali, lakini nilijisikia kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa na watu wote wakageuka kumtazama.

Njaa tu. Sikuwa nimekula.

Alhamisi, 5 Septemba

Mratibu Mkuu! Mimi!

Dada Queen alitangaza mbele ya watu wote. Kasimu alipiga makofi kwa vidole viwili. Kizibao kinanibana kwapani lakini nikiingiza tumbo kinakaa. Nimekivaa tangu asubuhi. Matilda kaniomba nikivue wakati wa kula. Nimemjibu kwamba uongozi hauvuliwi.

Kasimu kaja kuniuliza Lyamba Mashariki iko wapi, mbona yeye mzaliwa wa hapa hajawahi kuisikia. Nikamwambia ukijifungia dukani na mashine ya kopi mji utakua usijue. Kasema kesho atakwenda kuangalia mwenyewe.

Nikamwambia aende tu. Kisha nikaingia chooni nikakaa humo muda mrefu.

Ijumaa, 6 Septemba

Kasimu kaenda. Nilimwona na pikipiki yake ikipotelea kwenye vumbi na moshi wa mapori yanayoungua. Nikakunja kizibao nikakificha chini ya gunia la mahindi. Nikasubiri aibu.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Kaja moja kwa moja hadi kibandani kwa Matilda, kanipa mkono, kasema hongera. Mtaa mzuri. Watu wapole. Wasafi.

Nilimwangalia usoni nikitafuta kejeli. Hakuna. Ila alikuwa anajipukuta magoti, ingawa hayakuwa na vumbi.

Kasimu hajanipongeza tangu tuko wadogo. Huu ni mtego. Nimekitoa kizibao, nimekivaa tena, lakini niko macho.

Jumamosi, 7 Septemba

Boza halikuja kwetu.

Ndoo zilipangwa tangu alfajiri, mpaka kona ya mtaa. Matilda alikuwa na mapipa yake mawili ya kibandani. Tukasikia boza linanguruma. Tukaliona likitupita! Deo, dereva, alitupungia mkono kwa adabu, akaendelea kuelekea tanuri za matofali.

Watu wote wakageuka kunitazama. Kizibao kinaonekana toka mbali, hiyo ndiyo kasoro yake.

Deo aliporudi nikamsimamisha barabarani. Tangi tupu. Lilikuwa linalia kama ngoma. Nikamuuliza kamwaga wapi maji. Kanijibu: Lyamba Mashariki, ndivyo simu ilivyomwelekeza, wako wengi kuliko sisi. Nikamuuliza nani aliyachota. Kasema wenyewe. Walijipanga mstari bila kusukumana, wala hakusikia ndoo ikigonga ndoo. Kila mmoja alimsalimia. Alipokuwa anaondoka akatazama kwenye kioo cha pembeni, na wote walikuwa bado wamesimama kwenye mstari, wanamwangalia, ndoo vichwani.

Nikamwambia Deo aache uongo, kayauza kwa wafyatua matofali. Kaniapia kwa mama yake. Mama yake Deo namheshimu, sikuendelea.

Matilda kapika kwa maji ya jana. Kila sufuria kaifunika kwa kishindo.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nikaenda mwenyewe na baiskeli. Saa sita, jua la utosi, moshi mwembamba hewani. Nikawa najiambia: Sylvanus, unakwenda kuangalia majani.

Ardhi imefagiwa.

Nasema tena ili nikisoma kesho nisijidanganye. Uwanda umefagiwa. Ile mistari ya upinde ya ufagio wa njiti, kama Matilda anavyoiacha uani kila asubuhi. Imefagiwa mraba mmoja, kisha kinjia, kisha mraba mwingine. Palepale nilipobonyeza. Ndani ya miraba hakuna kitu. Hakuna ukuta, hakuna tofali, hakuna kijiti. Udongo tu, na mahali pamoja duara la unyevu, kama mtu katoka kutua ndoo.

Nikajikuta naizunguka ile miraba badala ya kuikata. Miguu iliamua yenyewe. Penye mraba mmoja nikasema hodi. Mtu mzima! Mratibu Mkuu! Nimesimama porini mchana kweupe, napiga hodi.

Sikusikia sauti ya mtu. Nilisikia kigoda kikiburuzwa, kama mwenyeji anavyomsogezea mgeni pa kukaa.

Nilirudi kinyumenyume hadi kwenye baiskeli. Niliona si adabu kuwapa mgongo.

Jumatatu, 9 Septemba

Simu. Saa nne asubuhi, nakunywa chai.

Sauti ya mwanaume, ya taratibu. "Shikamoo, mratibu."

Nikaitikia marahaba, nikauliza nani mwenzangu.

"Siméon. Siméon Malale. Seremala, wa huku Lyamba Mashariki."

Nikacheka. Nikasema Kasimu, nimekujua, hata ukibana pua nakujua. Akasubiri. Alinisubiri nimalize kucheka, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Nikaishiwa kicheko.

"Samahani kukusumbua, mratibu. Nina swali dogo tu. Imeandikwa mimi ni mgane."

Nikasema ndiyo, labda.

"Mke wangu alikuwa nani?"

Nikakoroga chai.

"Majirani wananipa pole, nami naipokea. Lakini sijui namlilia nani. Jina lake sina. Sura yake sina. Nina kitanda kipana tu, na kanga moja msumarini. Nikafikiri, kwa kuwa wewe ndiye uliyeandika, utakuwa unamkumbuka."

Nikakata simu. Chai ilikuwa imemwagika mapajani na sikuhisi moto. Nikatazama namba iliyopiga. Ni yangu. Namba yangu mwenyewe ilinipigia mimi!

Mchana wote nimeizima. Matilda kauliza mbona mratibu hapatikani. Nimesema mtandao.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepata ufumbuzi. Wengine wangekimbilia kwa mganga. Mimi nimetumia akili.

Mtu analalamika hana mke. Basi apewe! Nimefungua kishikwambi, nimegusa nyumba ya Siméon, nimebonyeza "ongeza mkazi". Pudensiana. Ameolewa. Afya njema. Kazi, nikasita kidogo, kisha nikaandika mkulima wa mpunga, maana huyo hakosi chakula. Hifadhi. Upepo ukakatika mpaka huku Majengo, pazia likaning'inia wima kama ubao.

Simu haikuchelewa.

"Mratibu," akasema Siméon, na sauti ilikuwa nyingine. "Amefika. Yuko hapa anachambua mchele. Ana kawaida ya kucheka ghafla, bila sababu. Nilikuwa sijui kama watu wanacheka hivyo."

Nikamwambia hongera. Nilijisikia mtu mkubwa. Nimefungisha ndoa bila padri, bila mahari, bila mshenga. Nikaomba niongee na bibi harusi. Siméon kasema ana haya. Lakini kwa mbali nilisikia mtu akicheka, ghafla, na mimi nikacheka pia, peke yangu, barazani.

Habari nyingine si nzuri. Boza limetupita tena. Matilda kakataa kusubiri, kaenda na ndoo mbili kwenye kisima cha ng'ambo ya reli. Wakati wa kurudi kateleza. Kifundo kimevimba kama muhogo. Kaletwa nyumbani, na aliyemleta ni nani? Kasimu! Kwenye pikipiki yake! Akamshusha taratibu kama mayai, mbele ya mtaa wote.

Kibanda kimefungwa. Wateja wamekuja, wameona masufuria yamefunikwa, wameondoka. Jirani yetu ana mtoto anayeharisha na hana maji ya kumnawisha. Matilda kaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba kama mimi ni mratibu wa kitu chochote hapa duniani, niratibu maji.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefanya jambo. Naliandika haraka.

Niliamua kuwapunguza. Wakipungua wao, boza linarudi kwetu. Hesabu nyepesi. Nikasema nitawahamisha. Nikabonyeza "ondoa mkazi". Mfumo ukauliza sababu. Nikachagua "amehama". Ukauliza amehamia wapi. Nikaandika Kibaoni. Ukataka namba ya nyumba ya Kibaoni. Nikaandika Inyonga. Ukataka namba ya nyumba ya Inyonga. Nikaandika mbele ya safari. Ukagoma kabisa.

Sababu ya pili ilikuwa "amefariki". Hiyo haiulizi kitu. Unabonyeza, imekwisha. Mji janja umerahisisha sana kufa.

Majina yanajipanga, la karibuni juu. Sikusoma. Kweli sikusoma. Nilikuwa namfikiria Matilda na mguu wake. Nikabonyeza la juu, na kidole kilikuwa kimeshashuka kwenye la pili ndipo nikaona nililobonyeza.

Pudensiana.

Nikatafuta pa kurudisha. Hakuna pa kurudisha. Nikaandika jina lake upya, mfumo ukajibu kwamba mkazi huyu ameshafariki. Nikatikisa kishikwambi. Nimekitikisa kama mtu anayemwamsha aliyelala.

Simu ikaita. Nikaiacha. Ikaita. Nikapokea.

"Mratibu." Alikuwa halii. Ingekuwa nafuu kama angelia. "Alikuwa amekaa tu, na ungo mapajani. Akautua chini vizuri, mchele usimwagike, akajilaza pembeni yake. Nilidhani anapumzika."

"Pole," nikasema. "Pole sana, ndugu yangu."

"Ahsante. Sasa namjua ninayemlilia. Tunazika kesho saa nane. Wewe ndiye mkubwa wetu. Utakuja?"

Ijumaa, 13 Septemba

Sikutaka kwenda. Nilimwambia Matilda kuna msiba kule Lyamba Mashariki lakini mimi nina mafua. Kosa! Kanitazama kama nimetukana. Mratibu akose msiba wa mtu wake? Kajifunga kanga, kachukua unga wa rambirambi, kachechemea hadi kwenye baiskeli, kakaa nyuma. Twende.

Nikamwendesha mke wangu kwenda kwenye msiba wa mtu niliyemuua kwa kidole. Njiani alikuwa ananiuliza marehemu aliugua nini.

Tulipofika niliona uwanda. Miombo, vichuguu, udongo uliofagiwa. Na watu wa kwetu kadhaa. Deo kavua kofia. Kasimu naye yupo! Kasimu alikuwa amekaa. Sikuona amekalia nini. Kakunja nne, mgongo umeegemea, na chini yake hewa tupu.

Matilda akateremka, akatoa salamu kushoto na kulia, akasema poleni, akaingia kwenye mraba mmoja. Aliinama mlangoni. Hakukuwa na mlango. Akakaa chini, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kuongea. Anasema, ananyamaza, anatikisa kichwa, anasema tena. Akafungua kanga akapangusa machozi. Mtu akampa maji. Nasema mtu akampa, kwa sababu mkono wake ulikwenda mtupu, ukarudi na kopo.

Ndipo nikaelewa. Wote wanawaona. Nisiyewaona ni mimi tu.

Nikasimama katikati kama nguzo, nimevaa kizibao changu cha chungwa kwenye msiba. Hewa ilikuwa inasogea kunizunguka, joto, harufu ya watu, harufu ya mbao mpya. Kisha mtu akanishika mkono. Kiganja kigumu, cha kushika randa. Akanishika kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtu unayemheshimu, hakuniachia upesi. Mimi nikatazama mbele yangu, mbele yangu kuna mti.

Kaburi nililiona. Hilo peke yake. Udongo mwekundu, mbichi, kina kamili. Watu wa kwetu walitupia, nami nikatupia. Donge langu lilipoanguka ndani lilitoa mlio wa ubao.

Wakati wa kurudi, tulipofika tanuri za matofali, Matilda akanigusa mgongoni.

"Baba Denis," akaniita. Denis ni mwanetu, yuko kazini Kigoma. Matilda akiniita hivyo najua amekusudia. "Wale watu wanakuogopa."

"Wananiogopa nini?"

"Ulipokuwa unapita akina mama walikuwa wanaficha watoto nyuma ya kanga. Mama mmoja alikuwa anamwambia mwanawe atulie, mratibu asije akamwona. Umewafanya nini wale?"

Nikasema sijawafanya kitu. Kusema kweli nimewafanya. Hilo ndilo tatizo.

"Na yule Siméon," akasema, "kaniomba nikuombee. Eti nikuombe usiwaguse wengine. Maji watatugawia. Kasema watakuwa wanakuja na ndoo mpaka huku kwetu, wenyewe, usiku na mchana ukitaka, ila usiwaguse." Nikaendelea kukanyaga pedeli. "Ni mtu gani anayeombewa hivyo, Baba Denis? Mtu na afya yake, anaombwa asiguse watu?"

Baiskeli ilikuwa nzito, kama nimepakia wengi.

Jumamosi, 14 Septemba

Sikulala vizuri. Nimeapa. Sitamwondoa mtu tena, si mkubwa si mdogo. Nimeweka mkono juu ya Biblia ya Matilda. Nimejifunza!

Na akili iliyotulia ndiyo inayozaa matunda. Saa tatu asubuhi, napiga mswaki, likanijia. Nilikosea hesabu. Kwa nini nipunguze kule? Niongeze huku!

Nyumba yetu ina vyumba vya uani, vitupu tangu Denis aondoke. Nimesimama mlangoni na kishikwambi, nimeandikisha wapangaji. Safari hii kwa uangalifu mkubwa. Hakuna mgane. Hakuna mjane. Nimewapa wote wenzi wao. Nimeona pia kwamba mfumo unawapa kipaumbele wazee na wagonjwa, boza linaanzia kwao kabla ya wote. Hilo Kasimu hajaligundua! Basi wachache nimewaandika wagonjwa. Kifua, kifua, miguu kupooza, kifua. Bibi mmoja nimemwandika kipofu.

Upepo ulikatika. Kuku wote wakatoka uani kwa mpigo, wakaenda kukaa barabarani.

Jumatatu, 16 Septemba

Boza! Limesimama mlangoni kwangu! Deo kashusha mpira kabla hata hajazima injini. Mtaa mzima umechota. Mapipa ya Matilda yamefurika. Jirani kamwosha mtoto wake hadharani, mtoto analia kwa furaha au kwa baridi. Watu wamenipigia makofi. Kasimu kaja na ndoo yake, nimemruhusu achote, nikiwa nimeshika kiuno.

Mchana kaja Dada Queen. Katoka Lyamba Mashariki kukagua, kapiga picha za huko mpaka simu imejaa. Kanionyesha. Huyu bibi amependeza, kasema. Baraza hili, angalia maua. Nikaangalia. Kichuguu. Mti. Kichuguu. Picha moja ya udongo uliorundikwa, na juu yake msalaba mpya uliorandwa vizuri, kazi ya fundi. Hiyo niliiona sawasawa. Nikasema picha zote ni nzuri.

Kasema makao makuu wameshangazwa na kasi ya mji huu kukua. Hawajawahi kuona.

Jumatano, 18 Septemba

Matilda amefungua kibanda. Maji yapo, moto upo, migebuka inanukia. Lakini ana maneno.

Kasema kwanza ningemwambia kama nimeleta wapangaji. Aliamka Jumapili akawakuta uani na mabunda yao, wamekaa kimya, wanasubiri kuonyeshwa vyumba. Hana ubaya nao. Wastaarabu. Lakini wengi wao ni wagonjwa, na yeye ndiye anayewakanda, anayewapikia uji. Na ni aibu, kasema, ninavyowapita bila salamu, asubuhi na jioni, kama siwaoni.

Nimemwahidi nitasalimia. Sasa nikitoka chumbani nasema habari za asubuhi kwa ukuta, kwa kamba ya nguo, kwa pipa. Mara nyingine joto linanipita begani. Leo nilikaa kwenye benchi nikainuka haraka, nikaomba radhi.

Kule uani wanakohoa. Matilda kasema walianza wale niliowataja kifua, sasa na wengine. Mimi siwasikii wao, nasikia kikohozi tu, kinatembea kutoka chumba hadi chumba. Yule bibi kipofu, kasema, anashinda mlangoni ananisikiliza nikiandika. Kamuuliza Matilda kama kuna siku aliwahi kuona. Matilda kaja kuniuliza mimi. Nimesema hayo ni mambo ya kitaalamu.

Saa kumi simu imeita. Niliiangalia kwanza namba. Ilikuwa ya Dada Queen! Mradi unapanuka. Inyonga wanataka mji janja nao, na wanataka mratibu mwenye uzoefu. Tatizo lao moja tu, kasema: kule watu wamesambaa porini, mfumo unakosa idadi. Je, mimi nadhani idadi itapatikana?

Nimesimama, nimeingiza tumbo. Nimemwambia naondoka na basi la kesho asubuhi.

Watu wapo, nimemwambia. Inyonga ni kubwa, Dada Queen. Wapo wengi tu.